Karatasi ya Mtu ni Amana: Kuchapa kwa Simu Bila Waya



Katika ofisi ya msikiti, hapa kwetu Naliendele kama kwingineko, karatasi nyingi zinazopita mezani si za khutba wala matangazo ya darsa. Ni za mambo ya watu. Leo ni barua ya mjane anayeomba msaada wa zaka, kesho ni makubaliano ya deni kati ya ndugu wawili, keshokutwa ni orodha ya warithi na hesabu ya mikorosho aliyoiacha marehemu. Kila moja ya karatasi hizo ina mwenyewe, na ndani yake mna habari ambazo mwenyewe asingependa kuzisikia kibarazani.

Dini yetu haikuichukulia karatasi kuwa jambo dogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, kumteua mwandishi mwadilifu na kuweka mashahidi. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Umar (R.A.), ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, Mtume (S.A.W.) amemhimiza Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale nyusiku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Tumeamrishwa kuandika, na tumeamrishwa pia, katika aya ya 58 ya Surat an-Nisaa, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amri hizi mbili hukutana pale karatasi inapochapwa.

Tutazame jinsi familia zetu zinavyochapa karatasi hivi sasa. Nyumba nyingi hazina kompyuta, lakini simu janja ipo, ya baba, ya mama, au ya kijana aliyemaliza kidato cha nne. Barua huandikwa kwenye simu, au karatasi ya zamani hupigwa picha. Kisha mtu huenda dukani kwa mchapaji, akapewa namba, akaituma barua kwa WhatsApp. Kijana wa duka huifungua kwenye kompyuta, huichapa, hupokea fedha yake, na mteja huondoka na karatasi moja mkononi akidhani ameondoka na barua yake yote.

Hakuondoka nayo yote. Nakala moja imebaki katika simu ya duka. Nyingine imebaki katika kompyuta, kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, pamoja na vyeti, mikataba na picha za vitambulisho vya watu wengine. Ikiwa alileta flashi, huenda faili limenakiliwa kwanza ndipo likachapwa. Atakayekaa mbele ya kompyuta ile baada yake, awe mfanyakazi au mteja mwenzake, anaweza kuyaona yote. Hakuna aliyekusudia uovu, bali mlango umeachwa wazi.

Tumeliona tunda la mlango huo. Mzee mmoja katika jamaa zetu, ambaye hatutamtaja jina wala mtaa, aliandikiwa wasia na mjukuu wake, na mjukuu akaenda kuuchapa dukani. Mzee alikusudia sehemu ya mali yake, ndani ya theluthi aliyoruhusiwa na sharia, imwendee mtoto yatima aliyemlea ambaye hamrithi. Haukupita muda, watu wa ukoo wakawa wanaulizana kwa nini mikorosho ya upande fulani inapewa mtoto wa nje. Mzee yu hai, anakula na watoto wake sinia moja, na tayari wasia wake unajadiliwa kana kwamba ameshazikwa. Ilibidi wazee wa msikiti wakae nao mara kadhaa mpaka salamu zikarudi. Wasia ule haukuwa na kosa hata moja la kisharia. Kilichokosekana ni sitara.

Nchi yetu nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume iliyoundwa kuisimamia. Lakini Muislamu hakungoja Bunge. Surat an-Nur imemfundisha asiingie nyumba ya mwenziwe bila idhini, na Surat al-Hujurat imemkataza kupeleleza. Barua ya mtu ni nyumba yake ya karatasi.

Kwa sababu hiyo, fedha za ofisi ziliponunua printa yenye Wi-Fi, wapo waliouliza kama msikiti una haja ya kifaa hicho. Swali lao lilikuwa la haki, kwa kuwa fedha ya msikiti huulizwa. Jibu letu lilikuwa kwamba Waislamu wa mwambao huu si wageni wa chapa. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiarabu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui naye alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mjini Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wao walichapa ili elimu iwafikie wengi. Sisi tulitaka pia jambo la upande wa pili, yaani karatasi ya mtu imfikie mwenyewe peke yake.

Ni vyema tueleze kuchapa bila waya ni nini, kwa maana wengi hudhani kunakula bando. Simu na printa zikiwa katika mtandao mmoja wa Wi-Fi, barua hutoka kwenye simu, hupita hewani ndani ya chumba, na kuingia kwenye printa. Haiendi Dar es Salaam wala ng'ambo. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchini kote, kuchapa kwa namna hii kusingezuilika, mradi umeme upo.

Njia za kuziunganisha ni tatu. Ya kwanza ni kwa mwenye rauta, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi. Printa huunganishwa na rauta mara moja tu kwa kuingiza neno la siri kwenye kioo chake au kupitia programu ya mtengenezaji wake, kisha simu hujiunga na mtandao huohuo. Ya pili ni kwa asiye na rauta. Printa nyingi za siku hizi hutoa mtandao wao zenyewe, unaoitwa Wi-Fi Direct, na jina lake mara nyingi huanza na neno DIRECT. Simu hujiunga nao kama inavyojiunga na Wi-Fi yoyote. Ya tatu ni kuwasha hotspoti kwenye simu moja, printa ikajiunga nayo, na simu ya pili inayochapa ikajiunga pia. Hapo ni vizuri kuzima data ya simu yenye hotspoti, la sivyo wageni watakula bando la mwenyewe bila kujua.

Upande wa simu, kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Simu za Android zimekuwa na mfumo wa kuchapa tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013. Mtu hufungua mipangilio, akaenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, kisha sehemu ya kuchapa, akahakikisha huduma ya kuchapa imewashwa. Simu ikishindwa kuitambua printa, huwekwa programu ya mtengenezaji wa printa hiyo, au ile ya Mopria, inayofanya kazi na printa za makampuni mengi. Mwenye iPhone hahitaji programu, kwa kuwa AirPrint imo ndani ya simu yake tangu 2010, ila printa yenyewe iwe inaikubali. Baada ya hapo hufungua barua, hugusa alama ya kushiriki au vile vidoti vitatu, huchagua kuchapa, na printa hujitokeza kwa jina lake.

Vikwazo vipo, na vingi vina sababu ndogo. Printa nyingi za bei nafuu husikia masafa ya 2.4 GHz tu. Rauta ikitoa mitandao miwili, printa iwekwe kwenye huo wa 2.4. Simu ikijiunga na mtandao usio na intaneti, kama ule wa Wi-Fi Direct, huuliza kama ibaki. Ikijibiwa hapana, au ikiachwa iamue yenyewe, huenda ikarudi kwenye data na printa ikapotea. Ijibiwe ibaki. Mwenye VPN aizime kwanza. Na kwetu huku pwani, msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu, zikashikana na kukwama ndani ya mashine. Bunda lihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa, zitolewe chache kwa kadiri ya haja.

Kwa walimu wa madrasa na makhatibu lipo la ziada. Maandishi ya Kiarabu yakichapwa kama yalivyoandikwa, mara nyingine herufi huachana na irabu huhama mahali pake, na kuhama kwa irabu hubadili maana. Faili ligeuzwe kwanza kuwa PDF, lisomwe kwenye kioo cha simu, ndipo lichapwe. Karatasi ya majaribio isiwe na aya wala jina la Allah, maana karatasi za majaribio ndizo zinazotupwa. Iliyoharibika ikiwa na aya isiende jalalani. Itunzwe pembeni, iteketezwe kwa heshima au izikwe mahali safi, kama wanazuoni walivyoelekeza.

Baada ya mashine kufanya kazi, tuliweka kanuni moja ukutani: mwenye karatasi ndiye abonyeze, na mwenye karatasi ndiye aichukue. Katibu humsaidia mtu kuunganisha simu, kisha husogea. Siku moja bibi mmoja aliyekuja na barua ya shida za nyumbani kwake aliikunja karatasi ikiwa bado ya moto, akauliza, "Katibu, mwanangu, na wewe umebaki nayo?" Tukamjibu, "Hapana, Bibi. Imetoka kwenye simu yako imeingia mkononi mwako." Akaiweka ndani ya mkoba wake, akakaa kitako na kuanza kutueleza mwenyewe, kwa kiasi alichotaka, jambo lililomleta. Siri aliyoitoa kwa hiari yake ilikuwa nzito kuliko tungeyoisoma.

Printa nayo ina milango yake ya kufungwa. Baadhi hutoka kiwandani zikiwa na neno la siri jepesi kabisa. Libadilishwe siku ya kwanza, na neno la Wi-Fi ya ofisi lisibandikwe mlangoni. Zipo programu zinazomtaka mtu afungue akaunti na kuchapa kupitia mitambo ya kampuni iliyo mbali. Kwa barua za siri njia hiyo iachwe, itumike ile ya chumbani. Mashine kubwa za ofisini, nyingi zina diski ya ndani inayoweza kuhifadhi kilichochapwa. Zisiuzwe wala kupelekwa kwa fundi kabla diski haijafutwa. Na karatasi isilale kwenye trei, maana siri nyingi hutoka kwa macho ya mpita njia kuliko kwa mitambo.

Si kila familia itanunua printa, wala si lazima. Anayekwenda dukani anaweza kumwomba mchapaji kwa upole aunganishe simu yake na printa ya duka moja kwa moja. Isipowezekana, asimame pale mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta, kwenye pipa la taka la kompyuta na kwenye simu ya duka. Kufuta ujumbe kwa wote katika WhatsApp hakutoshi, kwa sababu faili lililokwishapakuliwa kwenye kompyuta hubaki palepale. Nanyi ndugu zetu wachapaji, ambao wengi wenu ni vijana wa Kiislamu mnaotafuta riziki ya halali, futeni mafaili ya wateja kila jioni kabla ya kufunga duka. Ni kazi ya dakika chache, na ni amana iliyorudishwa.

Wazazi wawafundishe watoto jambo hili nyumbani, kwa kuwa mara nyingi mtoto ndiye anayetumwa kuchapa. Tunamfundisha asifungue mkoba wa mama yake na asisikilize mlangoni wakubwa wanapozungumza. Tumwongezee na hili, kwamba barua ya babu iliyomo kwenye simu yake haisomewi wenzake, haisambazwi, na ikishachapwa hufutwa. Allah (S.W.) atusitiri, na atujaalie kuwa wenye kusitiriana.

Wabillahi tawfiq.