Gari Lililolala Huko Kisangani

Mji wa Kisangani ni mji wa maji. Uko karibu sana na mstari wa Ikweta, mahali ambapo maporomoko ya Boyoma yanakomesha safari za meli. Meli itokayo Kinshasa hupanda mto Kongo kwa kilomita zaidi ya 1,700, na ifikapo Kisangani husimama; mbele yake ni mawe na mapovu, na Wagenya wakivua samaki kwa migono mikubwa iliyofungwa kwenye miti waliyoisimika kati ya maji makali. Ili kuyazunguka maporomoko hayo ilijengwa reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906, ikianzia ng'ambo ya kushoto ya mto na kwenda mpaka Ubundu. Mpaka mwaka 1966 mji huo uliitwa Stanleyville.

Walakini chakula cha mji hakiletwi kwa maji peke yake. Mpunga, mihogo, ndizi na mawese hutoka mashambani, katika njia za Banalia, Bafwasende na Opala, na mazao hayangoji. Ndizi zikikaa siku tano kando ya barabara zimekwisha kuwa hasara. Kwa hiyo familia nyingi, zikiisha kuweka akiba ya miaka, huwaza jambo moja: tupate pikapu, hata iwe ya zamani, tuchukue mazao yetu wenyewe na ya majirani zetu.

Mpya haipatikani kwa akiba ya mkulima. Basi macho huiendea ile iliyolala. Nani katika mji huo asiyeijua? Iko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Majani yameota kati ya magurudumu yake, kuku wanataga mayai katika sanduku la kupakia mizigo, watoto wanacheza udereva kwenye usukani wake. Mwenyewe aitaja bei, na bei hiyo ni ndogo. Mnunuzi moyo wamdunda. Je, hii ni bahati, au ni shimo lililofunikwa kwa majani?

Shauri letu ni hili: usiulize bei kwanza. Uliza kwanza kwa nini gari lililala. Maana magari hulala usingizi wa namna tatu, na kila usingizi una gharama yake.

Usingizi wa kwanza ni usingizi wa njia: gari lilikuwa zima, bali barabara ilikufa. Jambo hili Kisangani walijua sana. Barabara kuu ya mashariki, iendayo Beni kwa kilomita zaidi ya 700 katikati ya msitu, iliharibika mwaka baada ya mwaka, mpaka sehemu zake nyingi zikawa vijia vya watu wasukumao baiskeli zenye mizigo. Kisha ikaja vita. Mwezi wa Agosti 1998 mji uliingia mikononi mwa waasi, na kwa miaka kadhaa biashara ya mto pamoja na Kinshasa ikakatika. Petroli ikawa kama dawa, ikipimwa kwa chupa. Ndipo vijana walipoweka mto laini juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli na kuchukua abiria kwa malipo. Baiskeli hizo zikaitwa toleka, yaani "tupite" katika Kilingala. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huo usio wao. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa. Siku kama zile, mwenye gari alifanya nini? Alilivua magurudumu, akalificha, akangoja amani.

Amani ilipoanza kurudi, barabara ya mashariki ilitengenezwa, malori ya Butembo yakaonekana tena mjini, na pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli nyingi. Gari lililolala kwa sababu ya njia lina matumaini, kwa kuwa siku lilipoegeshwa lilikuwa likitembea. Lakini asidhani mtu kwamba kulala ni kupumzika. Huko Kisangani mvua hunyesha karibu kila mwezi, na hewa yenye maji hula chuma usiku na mchana.

Kwa hiyo hapana budi kukagua. Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ni kama ilitungwa kwa mnunuzi wa gari. Inama basi, lala chali, uingie chini. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kibuyu, na kutu huanguka machoni. Injini iliyokufa yaweza kubadilishwa, bali chesisi iliyooza ni mgongo uliovunjika. Inua na zulia la miguuni, maana maji hukaa pale. Wala usidanganywe na rangi mpya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwenye gari, akitaka kukupendeza, atakuja na betri ya kuazima ili aiwashe injini mbele yako. Mzuie kwa adabu. Fundi mzee atamwambia, "Baba, tusiliamshe kwa kofi." Katika miaka ya usingizi mafuta ya injini yameteremka yote, na ndani ya silinda pete za pistoni zaweza kushikwa na kutu. Ukiizungusha kwa nguvu ya stata, pete zaweza kuvunjika na kuta za silinda kukwaruzwa. Njia ya busara ni kutoa plagi, kutia mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, kungoja siku moja au mbili, kisha kuizungusha injini polepole kwa mkono na spana. Ikizunguka bila kukwama, hiyo ni habari njema ya kwanza.

Baada ya hapo mwaga mafuta yote ya zamani. Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi na kuziba kabureta. Katika tangi la dizeli maji hukusanyika chini, na utelezi huota humo. Tangi lishushwe, lioshwe, na chujio liwe jipya. Kama injini ina mshipi wa mpira unaoendesha vali, nao ubadilishwe kabla ya safari. Ukikatika njiani, waweza kuiharibu injini nzima. Tazama na nyaya za umeme, kwa kuwa panya hupenda kujenga humo.

Jambo la breki lapita yote. Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani, na maji hayo huleta kutu ndani. Mipira hukauka na kupasuka. Breki yaweza kushika vizuri uani, kisha ikakosa nguvu kwenye mteremko gari likiwa na mzigo. Nasi twajua jinsi pikapu ipakiavyo katika nchi zetu: magunia chini, na juu ya magunia akina mama na watoto wao. Mwenye kuacha breki za zamani ili aokoe fedha kidogo, anaweka roho za watu hao rehani. Vivyo hivyo matairi. Yaweza kuwa na meno marefu, na huku yamezeeka kwa ndani. Ubavuni mwa tairi hupigwa chapa ya tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. 2309 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2009. Tairi la namna hiyo lisibebe mtu.

Usingizi wa pili ni usingizi wa ugonjwa. Gari liliharibika, mwenyewe akashindwa kulitengeneza, likaachwa. Hapa uliza: ni nini kilichoharibika, na tangu hapo ni nini kilichonyofolewa? Gari bovu likikaa uani huwa duka la mtaa. Leo huazimwa stata, kesho radieta, kesho kutwa gurudumu. Andika kila kilichokosekana, uende kwa wauza vipuri uulize bei zake kabla ya kurudi kwa mwenye gari. Pikapu za aina iliyoenea, kama Toyota Hilux, vipuri vyake si vigumu kupatikana. Gari la aina ya pekee laweza kungoja kifaa kimoja miezi mingi. Angalia pia upande wa usukani. Kongo magari hupita kuume, bali yale yaliyotengenezwa kwa barabara za Uganda, Kenya na Tanzania yana usukani wa kuume, na dereva wake huona kwa shida anapotaka kulipita lori.

Usingizi wa tatu ni usingizi wa mwenyewe: alikufa, au alikimbia. Huu ndio wenye hatari kubwa, kwa sababu chuma chake chaweza kuwa kizima kabisa. Katika mji uliopitiwa na uporaji na vita, yako magari yaliyoachwa na wenyewe wakiokoa maisha yao, na mengine yalipita mikono mingi pasipo karatasi. Anayekaa karibu na gari si lazima awe mwenye gari. Dai kadi ya gari, ile iitwayo karte roze. Soma jina. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Kama jina ni la marehemu, kaa na mjane na watoto wote wakubwa, watie sahihi mbele ya mashahidi na ofisini panapostahili. Ndugu mmoja akiuza kwa siri mali ya yatima, mnunuzi amenunua kesi. Na hata kama hapana kesi, amekula jasho la watoto wa mwenzake.

Mwisho ni hesabu, na hesabu hii mume na mke waifanye pamoja, kwa kuwa akiba ni ya nyumba nzima. Waandike bei ya gari, bei ya vipuri, malipo ya fundi, gharama ya karatasi, na gharama ya kulileta. Kama gari limelala Lubunga na nyumba yao iko Makiso, wakumbuke kwamba hapo mto hauna daraja. Gari lisilotembea litavutwa mpaka kivukoni, livushwe, livutwe tena. Kisha waongeze kitu kwa yale yasiyoonekana, maana yatakuwapo. Ikiwa bei ya kununua peke yake itamaliza akiba, waache. Gari litahama tu kutoka chini ya mwembe wa jirani na kuja chini ya mwembe wao.

Lakini kama sababu ya usingizi imejulikana, chesisi imelia kwa sauti nzima, karatasi ni safi na fedha za matengenezo zimebaki mkononi, basi wanunue bila hofu. Walilopata ni gari la kazi. Ndizi zitafika sokoni zingali mbichi, mgonjwa atafika hospitali kabla ya usiku, na kuku watatafuta mahali pengine pa kutagia.