Walikuja kwa sababu ya PIN

Ukitaka watu waje kwenye klabu ya kompyuta mjini Gilgil, usiwaambie habari za kompyuta. Utadhani nafanya mzaha, maana mimi mwenyewe nala kwa kuandika programu, lakini ngoja nikueleze.

Tulipoanza tulibandika tangazo kwenye vibanda vya M-Pesa, kwenye stendi ya matatu na kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa tunaoazima kila Jumamosi alasiri. Tangazo lilisema: "Jifunze kompyuta, bure." Tulikuwa na kompyuta sita kuukuu zenye Linux, na benchi za kutosha watu hamsini. Walikuja wanne. Jumamosi iliyofuata wakaja wawili, na mmoja wao alikuwa amekuja mazoezi ya kwaya, akakosea saa.

Haikunishangaza sana. Mtu anayegeuza mbavu za mbuzi pale Kikopey tangu alfajiri, malori yakipita kwenda Nakuru, ana mahitaji mengi, lakini "kujifunza kompyuta" halimo. (Watoto wa shule wanasema tarakilishi. Neno zuri, ila sijawahi kumsikia mtu sokoni akilitumia.) Huyo mtu ana jambo fulani linalomsumbua wiki hii, na ukilijua hilo umempata.

Ikafika Juni. Wakenya mnaijua Juni. Kila mwenye PIN ya KRA yenye wajibu wa kodi ya mapato anatakiwa kujaza ritani kwenye iTax kufikia tarehe 30, hata kama mwaka mzima uliopita hakupata senti, na akichelewa faini yake huanzia shilingi 2,000. Vijana wengi walichukua PIN ili waombe mkopo wa HELB, au kwa ajili ya kazi ambayo haikutokea, kisha wakaisahau. Basi tukaandika tangazo jipya: "Jumamosi, jaza ritani yako mwenyewe. Njoo na kitambulisho na simu." Walikuja zaidi ya arobaini. Wengine walisimama nje wakichungulia dirishani.

Tuliweka kanuni moja tu: hakuna kumshikia mtu kibodi. Unaweza kumwelekeza kwa mdomo, hata kwa kidole, lakini anayebonyeza ni mwenye PIN. Sababu yake ni hii. Kwenye saiba nyingi kijana wa kazi hukufungulia barua pepe, hukuchagulia nywila, halafu huiandika kwenye daftari lake. Mwaka ujao huna njia, lazima umrudie yeye. Simsemi mtu, lakini daftari la namna hiyo nimeliona kwa macho yangu, na ndani yake mlikuwa na siri za nusu ya mtaa.

Siku ile mama mmoja anayeuza mitumba alitumia dakika arobaini. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, akafungiwa nje mara mbili, akabadilisha nywila, akaanza upya. Vijana waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walianza kunung'unika. Risiti ilipotokea aliisoma yote, pole pole, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, hii ya kijana wangu aliye Nairobi naweza kumfundisha kwa simu?" Nikajua huyu atarudi.

Lakini ritani ni mara moja kwa mwaka. Julai ukumbi ulikuwa umebaki na watu kumi na moja, na hapo ndipo nilipokumbuka habari za klabu moja ya zamani kule Marekani.

Tarehe 5 Machi 1975 watu thelathini hivi walikutana katika gereji ya Gordon French, Menlo Park, California, kuitazama Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande ukaiunge mwenyewe. Ndio mwanzo wa Homebrew Computer Club. Steve Wozniak alikuwepo usiku huo, na baadaye aligawa bure kwa wanachama michoro ya mashine iliyokuja kuitwa Apple I. Hayo yanajulikana. Kinachonivutia mimi ni namna Lee Felsenstein alivyoongoza mikutano yao walipohamia ukumbi mkubwa. Kwanza kila mwenye neno alisimama akasema ana nini na anatafuta nini. Kisha mkutano ukavunjwa makusudi, watu wakaenda kutafutana wao kwa wao.

Tukaiga. Gharama yake ni sifuri, hata stima ikipotea inaendelea.

Jumamosi ya kwanza fundi wa simu alisimama: "Nina simu nne za vioo vilivyopasuka, ndani ni nzima. Natafuta mtu wa kuniambia kwa nini kompyuta yangu haizioni." Msichana wa Kidato cha Tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana kitu, ila anatafuta mahali pa kusoma bila kununua bando. Mzee mmoja akamjibu, "Una muda, binti yangu. Sisi hatuna." Akapewa kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi na programu ya Kiwix, ambayo huhifadhi Wikipedia nzima ili isomwe bila intaneti. Baada ya wiki tatu, mtu yeyote aliyeingia ukumbini aliweza kushika waifai ya kile kisanduku na kusoma makala makumi ya maelfu kwa Kiswahili bila kulipa chochote. Aliyekuwa hana kitu akawa ndiye tunayemngoja afike ndipo tuanze.

Akaja pia mwenye saiba. Alikuja kwa hasira. "Mnaniharibia biashara," alisema, akiwa bado mlangoni. Yule mzee akamwambia asimame kama wengine aseme ana nini na anatafuta nini. Akacheka kidogo, akasema, "Nina printa. Natafuta Juni moja nilale nyumbani." Siku hizi wanaotaka kujifunza anawaleta kwetu, nasi wanaotaka kuchapisha tunawapeleka kwake. Kuhusu daftari bado tunabishana. Anasema wateja wenyewe ndio humwomba awawekee nywila, na sidhani anadanganya.

Kisha kuna jambo la mji wenyewe. Gilgil ni mji wa kambi za jeshi, wa polisi, wa chuo cha NYS. Watu huja, huhamishwa. Waliomaliza sekondari nao huenda chuo, na wengi hawarudi. Baba yake yule msichana alihamishwa Januari, familia ikafungasha mizigo kwa siku chache. Tungekuwa tumempoteza yeye na kisanduku pamoja, kama si kwamba tangu Septemba alikuwa ameshamfundisha mvulana mmoja wa Gredi ya Saba. Tangu hapo kila kazi ya klabu ina watu wawili, mmoja anayeijua na mmoja anayeisomea. Hata ufunguo wa ukumbi uko mikononi mwa wawili, na mimi si mmoja wao.

Jumamosi iliyopita mvulana huyo alisimama akasema, "Nina kisanduku. Natafuta mtu wa pili." Ukumbi ukanyamaza kidogo. Mama wa mitumba akainua mkono, lakini kabla ya kukubali aliuliza kama kinakula stima nyingi, kwa sababu tokeni za nyumbani ananunua yeye. Mvulana akamwambia kinakula kidogo kuliko balbu za zamani.