Theluji ya Bariadi

Leo naleta habari ambayo nikiisema kijiweni wananicheka: Bariadi huwa kunaanguka theluji. Karibu kila msimu wa mvua, tena nyingi. Tatizo ni kwamba haifiki chini.

Hebu tupande juu kidogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na Bariadi imepanda zaidi ya hapo. Kadiri unavyokwenda juu hewa inapoa, kama nyuzi 6 hivi kwa kila kilomita. Ukikaribia mita 5,000, hata juu ya nchi yetu hii ya jua, umefika kwenye nyuzi sifuri. Ndiyo maana Kilimanjaro yenye mita 5,895 ina barafu kileleni ilhali Moshi mjini watu wanatafuta feni. Sasa yale mawingu meusi ya alasiri, yanayosimama kama mnara na kukufanya ukimbie kuanua nguo, kilele chake kinaweza kupita kilomita 12. Yaani zaidi ya nusu ya wingu iko ndani ya friza.

Kinachoshangaza ni kwamba maji ya huko juu hayagandi yote. Vitone vidogo vya wingu vinaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kukosa tu chembe ya kuanzia kuganda. Vikichanganyika na vipande vichache vya barafu, barafu inanyonya mvuke, vitone vinakauka, barafu inanenepa. Msweden mmoja, Tor Bergeron, alilipata wazo hilo mwaka 1922 akitembea kwenye msitu wenye ukungu karibu na Oslo. Siku za baridi kali, miti ikiwa imeota barafu, ukungu ulikuwa umeachia njia. Siku zenye joto kidogo ulijaa hadi chini. Wengine tunatembea porini tunarudi na kupe tu.

Kwa hiyo mvua kubwa ya Simiyu, sehemu yake nzuri tu, imezaliwa theluji. (Siyo mvua yote. Mawingu mafupi kama yale ya pwani hunyesha bila barafu kabisa, vitone vinagongana na kuungana.) Inashuka, inavuka ile nyuzi sifuri, inayeyuka, inatugonga kichwani ikiwa maji. Hewa ingekuwa baridi mpaka chini, tungeikusanya kwa koleo.

Rafiki yangu mmoja yuko Kanada, akanielezea aina nyingine ambayo huku hatuijui: mvua inayoganda. Theluji inashuka, inakuta tabaka la hewa ya joto, inayeyuka. Karibu na ardhi inaingia tena kwenye tabaka jembamba la baridi kali. Haina muda wa kurudi kuwa barafu, basi inafika ikiwa maji yaliyopoa kupita kiasi, na ikigusa tu waya, tawi au barabara, inaganda hapohapo. Januari 1998 upande wa Montreal mvua ya namna hiyo ilinyesha kwa siku kadhaa, minara ya umeme ya chuma ikajikunja kama nyasi, mamilioni ya watu wakakaa gizani katikati ya baridi.

Sisi tuna ya kwetu. Mvua ya mawe.

Hiyo haihitaji baridi chini. Inahitaji upepo wa kupanda, na joto letu ndilo linaloutengeneza. Upepo unaishikilia punje ya barafu huko juu, vile vitone vilivyopoa vinaigonga na kuganda juu yake, gamba juu ya gamba, mpaka inakuwa nzito kuliko nguvu ya upepo. Ndipo inaanguka, haraka mno kiasi kwamba haina muda wa kuyeyuka. Machi 2015, usiku, huko Mwakata wilayani Kahama, jirani zetu wa Shinyanga, mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba za tope juu ya watu. Walikufa zaidi ya 40.

Na jambo ambalo watu hawaambiwi: mkanda wa mawe huwa mwembamba. Wingu linatembea, na mawe yanaanguka kutoka sehemu yake ndogo tu. Linaweza kupiga mashamba ya upande mmoja wa korongo na kuacha ya ng'ambo yakiwa kijani.

Nalisisitiza hili kwa sababu nilikwenda kuandika habari za pamba iliyopigwa, upande wa Dutwa, kwa shangazi yangu. Hekta tulizihesabu. Lakini mazungumzo ya kijijini hayakuwa ya hekta. Yalikuwa: kwa nini sisi, na siyo wale? Na jibu lilikuwa limeshaanza kuzunguka kwenye nyumba ya bibi mmoja anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Mnaoijua Usukumani mnajua maneno hayo yanaweza kuishia wapi. Vikongwe wangapi wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho ambayo moshi wa kuni na samadi kavu umeyachoma miaka 50!

Aya zangu mbili za upepo na barafu zilikatwa gazetini, eti siyo habari. Shangazi, yeye, alizisikiliza zote huku akipepeta mtama. Akaniuliza, "Kwa hiyo wingu halimjui mtu?" Nikamwambia halimjui, shangazi. Akanikabidhi kikapu cha michembe nimpelekee yule bibi, kabla jua halijazama, na nipite njia ya kijiweni ili wanione.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Ana kipande cha pamba pale, labda robo eka. Vilikuwa vijiti vitupu, kama vya shangazi.