Betri Chini ya Kitanda
Basi dogo tulilolifanya makazi ya utafiti wa nyanjani hubeba betri mbili za taa na friji chini ya kitanda. Tulizikuta juu ya ubao ulioliwa na tindikali, zimefungwa kwa kamba. Kila moja hukaribia kilo 30. Dereva akifunga breki ghafla, huo si mzigo tena, ni kombora. Isitoshe, betri ya tindikali inapochajiwa hutoa hidrojeni, na gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha. Juu yake hulala wanafunzi wangu.

Fundi aliung'oa ubao wote. Alichomelea fremu ya chuma, akaikaza kwa bolti kwenye chesisi wala si kwenye sakafu ya mbao (hapo nilisimama nikitazama), akaongeza mikanda, boksi lenye mfuniko na bomba la kupeleka gesi nje. Fyuzi aliisogeza karibu kabisa na ncha chanya, ili waya ukichubuka ikatike kabla ya moto.

Gari hilo lilikuwa na stika halali ya ukaguzi. Mkaguzi alitazama taa, matairi na kizimamoto. Kitanda hakukifunua, kwa kuwa hakimo katika fomu yake. Nimeomba kiongezwe. Nimejibiwa kwamba fomu hutoka makao makuu.