Finyango ya Mama

Nimekula pamoja na mama yangu tangu utotoni, lakini ni nadra kumwona akila finyango ya nyama. Alipakua ya baba kwanza, kisha zetu, naye akabaki na mchuzi. Tulipomkaribisha alisema, "Kuleni, wanangu, mimi nimekwisha shiba." Nasi, ndugu msomaji, tulimwamini. Alipokuja kuishi nasi Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 68, alikuja na desturi hiyo, nami nikaiona kuwa ni adabu ya wazee.

Mwaka jana aliteleza uani penye maji ya kufulia. Hakuanguka kwa kishindo. Alijizuia kwa mkono tu, na kifundo kikavunjika. Akafungwa plasta, ile tuiitayo hogo. Daktari akaniuliza jambo nisilolitazamia: "Mama anakula nini?" Nikataja ugali na mchicha. "Na maharage? Samaki?" Mama akatazama sakafu. Nami pia.

Nilidhani mfupa ni chokaa tupu. Mwanangu ndiye aliyenisahihisha: shuleni waliloweka mfupa wa kuku katika siki siku kadhaa, madini ya kalsiamu yakayeyuka, ukabaki mfupa upindikao kama mpira. Hicho kilichobaki kwa sehemu kubwa ni protini, nayo huyashika madini mithili ya fito zishikazo udongo wa ukuta. Tena mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, hata uzeeni. Fito mpya zahitajika daima.

Mtu mzima hukadiriwa gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa wazee wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2. Mama ana kilo 50, basi ahitaji gramu 50 hadi 60. Yai moja lina kama gramu 6, bilauri ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Nilichukua kalamu nikahesabu chai ya rangi, mkate na ugali wake. Aibu ikanifanya niiweke kalamu chini.

Jirani mmoja alinionya kuwa protini nyingi huyeyusha mifupa. Zamani hata wataalamu walihofu hivyo, kwa kuwa huongeza kalsiamu itokayo katika mkojo. Baadaye ilionekana kwamba utumbo nao hufyonza kalsiamu zaidi. Mwenye maradhi ya figo ndiye amwulize daktari kwanza.

Nyama ni ghali, hilo nalijua. Siku hizi twanunua dagaa, waliwao pamoja na mifupa yao. Jumapili iliyopita nilimpakulia mama kabla yetu sote. Akashika kijiko, akaanza kuwahamishia dagaa kwa mjukuu. Mtoto akafunika sahani kwa kiganja: "Bibi, hao ni wako." Mama akanitazama kana kwamba nimemfunza mtoto utovu wa adabu, kisha akala.