Waya Unaozama Kwenye Feleji: Safari ya Jumamosi Kando ya Mto Don

Ukishuka tramu kituo cha Meadowhall, nje kidogo ya katikati ya Sheffield, utaona maduka tu, na watu wamebeba mifuko. Maduka hayo yalifunguliwa mwaka 1990 juu ya kiwanja kilichokuwa cha Hadfields, kampuni ya Robert Hadfield, yule aliyegundua mwaka 1882 kwamba chuma kikitiwa manganizi nyingi kinazidi kuwa kigumu kila kinapopigwa. Ndani ya maduka imebaki sanamu ya shaba ya wafanyakazi wakimimina chuma kilichoyeyuka. Wanangu waliketi karibu nayo wakala chipsi, na hakuna aliyewauliza kitu.

Nitaiita feleji. Wengine husema chuma cha pua, lakini siku hizi jina hilo watu wamezoea kulipa ile isiyoshika kutu, ya vijiko na sinki, ambayo nayo ni ya mji huu huu: Harry Brearley aliitengeneza Sheffield mwaka 1913. Familia nyingi za kwetu zinaufahamu mji huu kwa chuo kikuu na kwa hospitali zake. Kwa feleji wanaufahamu wachache, na mmoja wao ni jirani yetu, mzaliwa wa Kuze, Mombasa, ambaye nyumbani kwangu wote tunamwita Ami. Alifanya kazi ya feleji miaka zaidi ya ishirini, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Mjukuu wake anasoma taaluma ya metali hapa chuoni. Jumamosi hiyo tulitoka pamoja, wakubwa watatu na watoto wawili, na wale wawili wakabishana tangu Meadowhall hadi Rotherham kuhusu waya.

Kabla ya waya, mahali penyewe. Kutoka Meadowhall ukienda upande wa Rotherham utafika Templeborough, lilipo jengo refu mno la mabati liitwalo Magna. Zamani ilikuwa karakana ya kuyeyushia feleji ya kampuni ya Steel, Peech and Tozer. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 matanuri yake 14 ya mtindo wa zamani yaliondolewa, yakawekwa sita ya umeme, na karakana ikahesabiwa kuwa kubwa kuliko zote za aina yake duniani. Ilifungwa mwaka 1993. Mwaka 2001 ikafunguliwa tena kama kituo cha sayansi cha familia. Vaeni makoti hata ndani, maana jengo ni kubwa na baridi yake haina huruma. Kuna onyesho liitwalo The Big Melt, ambamo tanuri la zamani linaamshwa kwa sauti, moshi na cheche. Mwanangu mdogo alijificha nyuma ya Ami. Ami mwenyewe alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mkwewe.

"Kelele wamezipatia," alisema baadaye. "Lakini hapo mwanangu kazi ilikuwa bado haijaanza."

Alichomaanisha ni kwamba kuyeyusha ni nusu ya habari. Vyuma chakavu vikishakuwa uji, humiminwa kwenye chombo kikubwa kilichojengewa matofali ya moto ndani. Waingereza hukiita upawa, jina la kijiko cha mchuzi, ingawa upawa huo hubeba tani mia moja au zaidi. Humo ndimo feleji hutiwa viungo, na kila kiungo kina namna yake ya kukataa kuingia.

Kwanza hutiwa alumini, ili ishike oksijeni iliyobaki. Inaishika kweli, lakini inaacha chembe za alumina, ngumu, zisizoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2000, na feleji yenyewe ina nyuzi 1600 hivi. Chembe hizo hujikusanya kwenye mdomo mwembamba ambao feleji hupitia kwenda kuganda, kama mafuta yanavyoziba bomba la jikoni. Mdomo ukiziba, tani mia zinabaki juu zikipoa, na hakuna fundi bomba wa kumpigia simu. Dawa yake ni kalsiamu. Kalsiamu ikizifikia chembe hizo huzigeuza kuwa matone laini ya duara, yanayopita mdomoni bila kushika.

Tatizo ni kuifikisha. Kalsiamu huchemka ikifika nyuzi 1484, yaani feleji ina joto la kutosha kuigeuza mvuke. Tena ni nyepesi: lita moja ya kalsiamu ina kilo moja na nusu hivi, na lita ya feleji iliyoyeyuka ina kama kilo saba. Ukiitupa juu, inaelea, inachemka, inawaka mwanga mweupe na kwisha. Umelipia moshi.

Watu wamejaribu njia nyingi. Wapo waliopuliza unga kwa bomba refu lililozamishwa. Wajapani walifikia hata kuirusha kama risasi. Kilichoshinda viwanda vingi ni kitu cha kawaida sana ukikiona: waya. Si waya mtupu. Ni utepe wa bati jembamba, nusu milimita hivi au pungufu, uliokunjwa kuwa mrija wenye unene wa kidole, na ndani yake umeshindiliwa unga wa kalsiamu iliyochanganywa na silikoni. Kingo mbili za utepe hukunjwa na kubanwa pamoja kama mshono wa kopo la nyanya. Mrija huo huzungushwa kuwa koili yenye maelfu ya mita. Mashine yenye magurudumu huuvuta na kuusukuma wima ndani ya feleji, mita mbili, tatu au zaidi kwa kila sekunde.

Mjukuu alikuwa na kipande chake mfukoni, kirefu kama penseli. Ami alikichukua, akapitisha dole gumba kwenye mshono kabla hajakitazama.

Hesabu yake ni nzuri na mtoto wa sekondari anaiweza. Kila mnayemjua amepika maharage kwenye presha kuka: mvuke ukibanwa, maji hukawia kuchemka. Feleji ni nzito, kwa hiyo ukishuka mita moja na nusu ndani yake, uzito ulio juu yako unakandamiza sawa na hewa yote ya angani, juu ya ile hewa iliyokuwapo. Mkandamizo huo unatosha takriban kuizuia kalsiamu isichemke. Inabaki kimiminika, inapanda taratibu, na njiani inakutana na chembe za alumina. Kwa hiyo siri yote ni bati lile jembamba livumilie sekunde moja hivi, mpaka waya ufike chini. Likiyeyuka mapema, kalsiamu inapasukia juu. Ukiusukuma waya kwa kasi mno, unagonga sakafu au unajipinda na kurudi juu mzima mzima. Hata mambo yakienda vizuri, kati ya kilo kumi za kalsiamu, zikibaki mbili au tatu ndani ya feleji mafundi hufurahi.

Ndiyo maana watu bado wanahangaika kuuboresha, na hapo ndipo babu na mjukuu walipogombana.

Kijana anaamini ngozi. Anasema ukilifanya bati kuwa nene zaidi, na badala ya kukunja mshono ukauchomelea kabisa, unapata vitu viwili: waya unashuka zaidi kabla haujafunguka, na hewa haiingii. Hili la pili ni kubwa kuliko linavyosikika. Mshono wa kukunja, hata ukibanwa vipi, una upenyo, na kalsiamu hupenda unyevu. Koili ikikaa ghalani majira ya baridi ya Yorkshire, unga hunywa maji, na maji hayo yakifika kwenye feleji huacha haidrojeni inayokuja kupasua chuma baadaye. Wengine wameacha unga kabisa, wakaweka ndani fimbo nzima ya kalsiamu. Wengine wameuvika unga karatasi chini ya bati, karatasi inayokawiza joto kwa muda mfupi tu, ambao ndio muda unaohitajika. Karatasi ndiyo iliyomvutia kijana. Anataka kujua ni tabaka ngapi zinafaa kabla hazijaanza kuleta kaboni mahali isipotakiwa.

Ami hakatai. Anachosema ni kwamba bati nene ni chuma baridi unachokiongeza kwenye uji wa moto, na mashine isiyo na nguvu itakwama nao. Na waya bora mikononi mwa mtu asiyetazama ni hasara ile ile. Wao walikuwa wanasoma mwako. Ukiona uso wa feleji unatetemeka kidogo, kama sufuria ya uji iliyopunguziwa moto, kalsiamu imefika. Ukiona mwanga mkali na moshi mweupe unaofika paani, punguza au ongeza kasi, kutegemea waya na kutegemea kina. "Na ukiona inatema mate," alisema, "kimbia kwanza, uulize baadaye." Mkono wake wa kushoto una alama tatu za duara juu ya kiwiko. Ilikuwa koili iliyolala mvuani, na msimamizi hakutaka kuirudisha.

Kijana alizitazama zile alama, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa babu, si ndiyo sababu ya kuchomelea mshono?"

"Ndiyo sababu," Ami alijibu. "Sikukataa."

Msomaji aliye Muscat au Abu Dhabi asidhani haya ni ya Waingereza peke yao. Mabomba yanayobeba gesi chafu ya Ghuba yanategemea jambo hili hili. Gesi ya Shah, huko Abu Dhabi, zaidi ya sehemu 20 kati ya 100 ni salfidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza na inayoua. Gesi hiyo ikigusana na bomba huku kukiwa na maji, haidrojeni hujipenyeza ndani ya chuma. Ikiwa salfa iliyobaki kwenye feleji imeungana na manganizi, wakati wa kubonyezwa kuwa bamba hutandazwa kama tambi nyembamba ndefu, na haidrojeni hukusanyika kwenye ncha za tambi hizo mpaka chuma kinapasuka ndani kwa ndani, bila bomba kuonyesha kitu nje. Kalsiamu huigeuza salfa hiyo kuwa vitone vya duara visivyotandazika. Kwa hiyo kuna watu wanaolala usingizi karibu na mabomba hayo kwa sababu mahali fulani waya ulifika chini ya upawa kabla haujafunguka.

Wala hamu ya kutia kitu sahihi ndani ya chuma haikuanzia hapa. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kupuliza hewa ndani ya chuma, na waliomnunulia leseni wakapata feleji iliyovunjika kama biskuti, mpaka Robert Mushet alipoonyesha kwamba ni lazima kutia manganizi. Moja ya matanuri ya Bessemer imesimama nje ya jumba la makumbusho la Kelham Island, mjini Sheffield, na unaweza kuigusa. Na Wahaya wa Kagera, waliokuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita, walijaza shimo la tanuri matete ya kinamasi yaliyochomwa, na makaa ya matete hayo yakakipa chuma kaboni. Nilimwambia hayo mwanangu mkubwa. Akauliza kama Wahaya walikuwa na waya. Hawakuwa nao. Tete lenyewe ni mrija, lakini hilo sikulisema.

Tulimalizia Aldwarke, upande wa pili wa Rotherham, ambako kuna matanuri ya umeme ya leo, si ya maonyesho. Huingii, unaona mapaa marefu na uzio. Mnamo Agosti 2025 mahakama iliamuru kampuni iliyokuwa ikiyamiliki ivunjwe, na ikawekwa chini ya msimamizi wa serikali. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameajiriwa. Barazani kwetu, baada ya Ijumaa, kuna nyumba mbili au tatu ambazo habari hiyo iliingia kama msiba.

Ami aliegemea uzio, akatazama juu kwenye mapaa kwa muda. Kipande cha waya kilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa amesahau kukirudisha.

"Huu wenu wa karatasi," alimuuliza mjukuu, "mtaujaribia wapi?"

"Chuoni kuna maabara, babu."

"Tanuri lake linachukua kiasi gani?"

"Kilo chache."

"Kina chake?"

Kijana alionyesha kwa kiganja, chini kidogo ya goti.

"Na unataka mita moja na nusu," alisema Ami, akamrudishia waya wake.