Nafuu na Wenyewe

Lugha ina ada ya kuona mapema yale ambayo jamii haijataka kuyatazama. Neno "unga", ambalo kwa vizazi vingi lilikuwa jina la riziki ya jikoni, mitaani Unguja limekuwa pia jina la heroini. Mateso ya aliyeikosa, yaani kuumwa viungo, kutetemeka, kutapika na kukesha, yakaitwa "arosto". Aliyenaswa naye akaitwa "teja", na jina hilo likishamganda, lile alilopewa na wazazi wake husahaulika.

Baina ya majina hayo makali limeingia neno moja la upole: nafuu. Nyumba wanamokaa wanaojitoa katika uraibu huitwa nyumba za kupata nafuu, wala haziitwi nyumba za kupona. Neno hilo limepimwa vyema. Uraibu ni maradhi ya muda mrefu, mithili ya kisukari. Mtu huishi nayo kwa uangalifu wa kila siku. Ndani ya nyumba hizo watu huamka mapema, hufagia, hupika kwa zamu na kukaa pamoja wakisimuliana yaliyowafika, mara nyingi wakiongozwa na waliowahi kuwa waraibu wenyewe.

Wengine husaidiwa na methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Kipimo kimoja humshikilia kwa muda wa siku nzima hivi, arosto isimfike, akapata utulivu wa kufikiri mambo mengine.

Hayo mengine ndiyo mazito. Mwili uliokaa miezi bila ya unga hupoteza uwezo wa kuuhimili, na kipimo alichokizoea mtu zamani sasa chaweza kumuua. Kwa hiyo siku ya kurudi nyumbani, ambayo wengi huidhani kuwa ndiyo mwisho wa safari, ni siku ya hatari kubwa. Kijana atapita maskani ile ile, ataitwa na sauti zile zile, na nyumbani atakuta makabati yamefungwa kwa kufuli kwa sababu yake.

Hapo ndipo ilipo kazi ya afisa wa ustawi wa jamii na mnasihi. Kazi hiyo huanza kabla ya siku yenyewe: kumwendea mama na kumsikiliza hasira zake, kumpatanisha kijana na kaka aliyeuziwa vyombo vyake, kumtafutia fundi atakayekubali kumpokea, kuhakikisha amepimwa virusi vya ukimwi na homa ya ini, hasa ikiwa alikuwa akijidunga. Ni kazi isiyo na dawa ya kupima kwa kikombe, na matunda yake hayaonekani upesi.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Aghalabu methali hii hutumiwa kulaumu, lakini ndani yake mna ukweli mwengine: ikiwa janga halimfiki mtu peke yake, na nafuu haimfiki peke yake. Mtaa una sehemu yake, nayo yaweza kuwa ndogo sana: kumwita kwa jina lake, kumpisha barazani, na siku moja kumpa noti, kumtuma dukani, na kumngojea arudi na chenji.